Projekta ya Nyumbani kwa Kioo Kidogo cha LCD: Mwanga Unapotelea Wapi?

Mtu anayetaka kujitengenezea projekta kwa kawaida huanza na boksi la viatu. Hutoboa tundu upande mmoja, hubandika lenzi ya kukuzia maandishi, huweka simu ndani ikiwa imepandishwa mwangaza hadi mwisho, kisha huzima taa za chumbani. Picha hutokea ukutani, lakini huwa hafifu kiasi kwamba nyuso za watu hazitambuliki, na wengi huilaumu lenzi. Lenzi haina kosa kubwa. Kioo cha simu cha inchi 6 chenye mng'ao wa kandela 400 kwa kila mita mraba hutoa takriban lumeni 11 tu kwa jumla (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga), na mwanga huo husambaa kila upande. Lenzi yenye kipenyo cha sentimita 5 iliyowekwa sentimita 15 mbele yake hukamata chini ya asilimia 3. Kinachofika ukutani ni kama theluthi moja ya lumeni, na kikitandazwa kwenye nusu mita mraba, ukuta hupata chini ya laksi 1, yaani chini ya lumeni moja kwa kila mita mraba. Hiyo ni mara chache tu zaidi ya mbalamwezi.

Ndiyo maana projekta ya kweli, iwe ya dukani au ya kutengenezwa sebuleni, haitegemei mwanga wa kioo chenyewe. Taa ya nyuma ya kioo huondolewa, kioo kinabaki kuwa slaidi inayobadilika makumi ya mara kwa sekunde, na taa nyingine yenye nguvu huwekwa nyuma yake. Watu wengi wakishafika hapo huhangaikia idadi ya pikseli na ukubwa wa picha. Kwa maoni yangu hayo ni mambo ya baadaye. Anayefuatilia kwanza safari ya mwanga kutoka kwenye taa hadi ukutani, na kujua unapungua kiasi gani katika kila hatua, atapata picha ya kutazamika hata kwa kioo cha bei ndogo. Anayeruka hatua hiyo atabadilisha vioo bila kuona tofauti.

Kioo cha LCD chenyewe ndicho kinachomeza mwanga kuliko kitu kingine chochote ndani ya boksi. Kimeundwa kwa vipande viwili vya glasi vinavyobana tabaka jembamba sana la fuwele kimiminika, na kila upande wa nje umebandikwa karatasi ya polaraiza, ambayo huruhusu mwanga unaotetema katika mwelekeo mmoja tu. Katika vioo vya aina ya TN, ambavyo ndivyo vingi kati ya vile vya bei nafuu, polaraiza mbili huwekwa zikiwa zimepishana kwa nyuzi 90, na fuwele zilizojisokota katikati huuzungusha mwanga ili uweze kupita ya pili. Umeme ukiingia kwenye pikseli, fuwele hujinyoosha, mwanga hauzungushwi tena, na nukta ile inakuwa nyeusi. Kwa hiyo kioo hakitengenezi mwanga wowote. Kinauzuia tu kwa viwango tofauti. Hii pia ndiyo sababu vioo vya AMOLED, vinavyopatikana katika simu nyingi za kisasa, havifai kabisa kwa kazi hii: kila pikseli yake ni taa ndogo, na nyuma yake hakuna njia ya kupitisha mwanga mwingine.

Gharama ya mpango huo ni kubwa. Polaraiza ya kwanza peke yake hubakiza asilimia 40 hadi 45 ya mwanga wa kawaida. Kisha kila pikseli imegawanywa katika vidirisha vitatu vyenye vichujio vya nyekundu, kijani na bluu, na kila kichujio hupitisha theluthi moja hivi ya mwanga mweupe, kwa sababu rangi nyingine mbili humezwa palepale. Nyaya na transista zinazoendesha pikseli nazo hufunika sehemu ya kila kidirisha. Ukizidisha hasara hizo zote, kinachotokea upande wa pili ni asilimia 5 hadi 7 ya mwanga ulioingia, na hiyo ni wakati kioo kinaonyesha rangi nyeupe tupu. Makampuni yalilitambua tatizo hili mapema: Epson ilipotoa projekta yake ya VPJ-700 mwaka 1989, ilitumia vioo vitatu vidogo, kila kimoja kikipewa rangi yake, ili mwanga mweupe utenganishwe kwa vioo maalumu vya kuakisi badala ya theluthi mbili yake kuteketea kwenye vichujio. Kuvilinganisha vioo vitatu hadi pikseli zao zilaliane sawasawa ni kazi ya kiwandani, kwa hiyo mtengenezaji wa nyumbani hutumia kioo kimoja na kuikubali hasara.

Chaguo la kioo linategemea mambo mawili: ukubwa wake na namna ya kukiletea picha. Kioo cha simu iliyoharibika kinavutia kwa wingi wa pikseli, lakini hakina tundu la HDMI, na kukipatia bodi inayoelewana nacho huenda kukagharimu kuliko kioo chenyewe. Njia iliyonyooka ni kutumia kiskrini kidogo kilichokuja na bodi yake, kama vile vya inchi 5 vyenye pikseli 800 kwa 480 na HDMI vinavyouzwa kwa ajili ya kompyuta ndogo za Raspberry Pi, au vile vya inchi 4.3 vya kamera za nyuma za magari. Nitatumia kile cha inchi 5 kama mfano, kwa kuwa sehemu yake inayoonyesha picha ina upana wa milimita 108 na kimo cha milimita 65, na ukubwa huo unavumilia makosa madogo ya mpangilio. Kadiri kioo kinavyokuwa kidogo ndivyo boksi linavyopungua, lakini pia ndivyo mwanga uleule unavyolazimika kubanwa kwenye eneo dogo zaidi, na joto pamoja nao.

Kukivua kioo nguo zake kunahitaji utulivu. Fremu ya bati nyembamba hushikwa na vimeno vidogo pembeni. Vikiinuliwa kwa kipande cha plastiki, tabaka hutoka moja baada ya nyingine: karatasi nyeupe ya kurudisha mwanga, bamba la plastiki angavu lenye ukanda wa vitaa vya LED ukingoni, karatasi za ukungu za kutawanya mwanga, na moja au mbili zenye mistari midogo inayometa. Zote hazina kazi tena. Kama juu kuna tabaka la kugusa, nalo hubanduliwa, kwa sababu linapunguza mwanga bila faida. Kinachobaki ni glasi nyembamba yenye utepe wa plastiki ulioshikizwa ukingoni kwa gundi, na utepe huo ndio wenye thamani kuliko vyote: ukikunjwa kwa pembe kali au ukivutwa, msururu mzima wa pikseli hupotea kutoka juu hadi chini na hautengenezeki kwa zana za kawaida. Bodi ya kiskrini hicho kwa kawaida hukaa mgongoni mwa kioo, mahali ambapo sasa mwanga unapaswa kupita, kwa hiyo hulazimika kusogezwa pembeni kwa utepe wa nyongeza wa pini 40. Kabla ya kuendelea, kioo kiwashwe na tochi ya simu iangazwe kwa nyuma. Picha ikionekana safi ndani ya duara la tochi, hatua ngumu imepita. Vioo vya zamani vya kompyuta hutumia mirija midogo ya mwanga inayoendeshwa kwa volti mamia kadhaa, na asiye na uzoefu asiifungue ikiwa kwenye umeme.

Sasa tuje kwenye taa. LED moja nyeupe ya wati 50, ya aina ambayo vichipu vyote vimekusanywa chini ya duara moja la njano lenye kipenyo cha milimita 20 hivi, hutoa kama lumeni 5,000. Idadi hiyo inatia moyo, lakini LED humwaga mwanga wake mbele kwa pande zote, na ni sehemu ndogo tu inayoelekea kwenye kioo. Hapa ndipo inapoingia lenzi ya Fresnel, karatasi bapa ya plastiki yenye mikwaruzo ya duara inayofanya kazi ya lenzi nene. Augustin-Jean Fresnel aliibuni nchini Ufaransa kwa ajili ya minara ya taa za bahari, na ya kwanza iliwashwa kwenye mnara wa Cordouan mwaka 1823. Kazi yake kule ilikuwa kuukusanya mwanga unaotawanyika na kuutuma kama mshipi mmoja, nasi tunaihitaji kwa jambo lilelile. Lenzi ya Fresnel yenye urefu wa fokasi (umbali kutoka kwenye lenzi hadi mahali inapokutanisha miale sambamba) wa sentimita 12 ikiwekwa sentimita 12 mbele ya LED, miale hunyooka na kupita kwenye kioo ikiwa sambamba. Hata hivyo, lenzi hiyo hukamata asilimia 22 tu ya mwanga wote, na kwa kuwa duara lake la mwanga ni kubwa kuliko mstatili wa kioo, asilimia 56 tu ya hiyo ndiyo inayogonga eneo la picha.

Hesabu inakwenda hivi. Kati ya lumeni 5,000, zinazokamatwa ni 1,100, na zinazoelekea kwenye eneo la kioo ni 616. Lenzi mbili za Fresnel, kila moja ikipitisha kama asilimia 85, huzishusha hadi 445. Kioo, kikipitisha asilimia 6, hubakiza 27. Lenzi ya mbele nayo huchukua ushuru wake, na zinazofika ukutani ni lumeni 23. Picha yenye upana wa mita 1.08 na kimo cha sentimita 65 ina eneo la mita mraba 0.70, hivyo ukuta hupata takriban laksi 33. Ni kidogo kuliko mwanga wa taa ya kawaida ya sebuleni wakati wa usiku, lakini ni zaidi ya mara hamsini ya boksi la viatu, na katika chumba kilichozimwa taa picha hiyo hutazamika bila kukodoa macho. Ukiikuza picha mara mbili kwa upana, eneo linakuwa mara nne na laksi zinashuka hadi 8. Kwa hiyo mwenye ndoto ya kuipeleka kwenye kibanda umiza mechi ya saa kumi jioni, mlango ukiwa wazi, aihifadhi kwa ajili ya nyumbani.

Kuna lenzi mbili za Fresnel katika hesabu hiyo, na ya pili ndiyo isiyoeleweka kwa wengi. Miale ikitoka kwenye kioo ikiwa sambamba, mshipi wake una upana wa kioo chote, milimita 126 kwa ulalo, na ungehitaji lenzi ya mbele kubwa kama sahani ili kuupokea. Fresnel ya pili, iliyowekwa upande wa pili wa kioo, huikusanya miale hiyo ikutane palepale ilipo lenzi ya mbele, ili yote ipite kwenye tundu dogo. Kwa maneno mengine, Fresnel mbili kwa pamoja huchora sura ya LED ndani ya lenzi ya mbele, wakati lenzi ya mbele inachora sura ya kioo ukutani. Hizo ni picha mbili tofauti zinazopita njia moja, na anayezitenganisha akilini amelielewa jambo zima.

Kutokana na hilo hupatikana kipimo ambacho huokoa fedha. Sura ya LED hukua kwa uwiano wa fokasi za Fresnel mbili: ya kwanza ikiwa na sentimita 12 na ya pili 16.5, duara la milimita 20 linakuwa milimita 27.5, nalo linaingia kwa raha kwenye lenzi ya mbele yenye kipenyo cha milimita 50. Mtu akibadilisha LED na kuweka kubwa yenye duara la milimita 40, sura yake inakuwa milimita 55, na kilichozidi kinagonga ukuta wa ndani wa boksi. Bili ya umeme na joto vinaongezeka kwa kasi kuliko mwanga wa picha. Ni bora zaidi kuweka lenzi nene ya glasi karibu kabisa na uso wa LED ndogo, ili ikamate miale ya pembeni kabla haijatoroka. Ikipangwa vizuri, mwanga unaokamatwa unakaribia kuwa maradufu, wakati sura ya LED inafika milimita 40 hivi na bado inaingia kwenye tundu.

Wapo wanaoziweka Fresnel zote mbili nyuma ya kioo, upande wa taa. Faida yake ni kwamba hakuna mikwaruzo kati ya kioo na ukuta, hivyo picha inakuwa kali zaidi. Hasara ni kwamba miale hupita kwenye pembe za kioo ikiwa imeinama kwa nyuzi 21, na vioo vya TN havipendi mwanga wa kuinama: rangi hugeuka na weusi hufifia kuelekea kona. Kwa TN mimi ningezitenganisha. Kwa kioo cha IPS, ambacho hustahimili pembe, ningezichanganya bila wasiwasi. Kwa mpangilio wowote, Fresnel isiguse kioo. Ikikaribia mno, mikwaruzo yake na safu za pikseli hupandana na kutoa mawimbi ya duara juu ya picha. Nafasi ya sentimita moja au mbili huyaondoa. Zikitenganishwa, upande wenye mikwaruzo uelekee kwenye kioo kwa lenzi zote mbili, kwa kuwa ndiko miale iliko sambamba.

Lenzi ya mbele huamua umbali. Yenye fokasi ya milimita 150 ikiwa milimita 165 kutoka kwenye kioo, hutupa picha mara 10 ya ukubwa wa kioo kwenye ukuta ulio mita 1.65 mbele yake. Kutaka picha mara 15 ni kurudi hadi mita 2.4 na kuisogeza lenzi ikaribie kioo kwa milimita 5 tu, kwa hiyo bomba la lenzi lihitaji mwendo mfupi lakini ulio laini na usiolegea. Lenzi moja ya kukuzia maandishi hutoa picha, ila rangi hujitenga kwenye kingo kama upinde mdogo wa mvua, na katikati pakiwa pakali kona zinakuwa na ukungu. Lenzi ya projekta ya zamani ya slaidi, yenye vipande vitatu vya glasi au zaidi, haina kasoro hizo kwa kiasi cha kusumbua, na hapa ndipo ningeweka fedha nyingi kuliko mahali pengine popote.

Jambo la kuanzia kabla ya kufunga boksi ni joto. Mwaka 1888 Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea aliyekuwa Prague, aliona dutu iliyotokana na kolesteroli ikiyeyuka kwa nyuzijoto 145.5 na kuwa kimiminika chenye ukungu, yaani fuwele kimiminika, kisha ukungu ule ukatoweka ghafla ilipofika 178.5. Mchanganyiko uliomo kwenye vioo vya leo unaufuata mkondo huohuo, ila kikomo chake kwa vioo vingi kipo kati ya nyuzijoto 70 na 100. Kikivukwa, fuwele hupoteza mpangilio na haziuzungushi tena mwanga, hivyo kwenye kioo cha TN hutokea doa jeusi katikati ya picha, mahali mwanga ni mkali, likitanuka polepole kuelekea kingo. Ukizima taa kwa wakati, doa hujikunja na kutoweka kioo kikipoa. Polaraiza haina huruma hiyo: ikiungua hubadilika kuwa ya kahawia na hubaki hivyo.

Katika mfano wetu, mwanga unaogonga eneo la picha ni kama wati 2 tu, na feni ndogo ya kompyuta inautosha. LED, kwa upande wake, hutoa zaidi ya wati 30 za joto na inahitaji alumini nzito yenye mapezi, pesti ya joto katikati, na feni yake. Hewa iingie upande wa kioo ikiwa bado baridi, ipite juu ya nyuso zake mbili, kisha ndipo ielekee kwenye mapezi na kutoka nje. Njia ikigeuzwa, joto la LED hupulizwa moja kwa moja kwenye polaraiza. Kwenye kioo cha inchi 2.6 mwanga uleule hutua kwenye eneo la karibu robo, na joto kwa kila sentimita mraba huwa karibu mara nne. Wanaotengeneza projekta kwa vioo vidogo huibandua polaraiza ya upande wa taa na kuihamishia kwenye kipande cha glasi kilicho mbali kidogo, ili ipoe kivyake. Kazi hiyo huvunja vioo vingi, na kwa inchi 5 hailazimiki.

Lenzi huigeuza picha juu chini, kwa hiyo kioo hufungwa kikiwa kimepinduliwa, na uso wake wa mbele huelekezwa kwenye taa badala ya kwenye lenzi. Vinginevyo maandishi yatasomeka kinyumenyume. Anayetaka boksi fupi anaweza kukunja njia ya mwanga kwa kioo cha kujitazamia, na hapo uso wa kioo cha LCD hugeuzwa tena kwa kuwa kile cha kujitazamia nacho hupindua picha. Picha ikiwa chini mno, kishawishi ni kuliinamisha boksi, lakini picha hugeuka trapezi. Afadhali kuinua lenzi ya mbele: katika ukuzaji wa mara 10, milimita moja ya lenzi husogeza picha milimita 11 ukutani, mradi Fresnel ya pili ipandishwe sambamba nayo ili sura ya LED isitoke kwenye tundu.

Anayetaka kujua kazi yake ina thamani gani ataonyesha skrini nyeupe, ataugawa mwanga wa ukutani katika vyumba tisa sawa, atapima laksi katikati ya kila chumba, atachukua wastani na kuuzidisha kwa mita mraba za picha. Hivyo ndivyo lumeni za ANSI zinavyopimwa, na hazilingani na maelfu ya lumeni yanayoandikwa kwenye maboksi ya projekta za bei nafuu, ambayo mara nyingi ni mwanga wa taa kabla ya kupita popote. Ukifungua moja ya projekta hizo utakuta LED, lenzi ya kukusanya, Fresnel, kioo kimoja cha LCD cha inchi 4 hivi, Fresnel nyingine, kioo cha kujitazamia na lenzi ya mbele, kwa mpangilio huohuo ulioelezwa hapa. Iliyokufa, inayotafutiwa mnunuzi kwa fundi wa Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, kwa kawaida imeungua taa, bodi au polaraiza. Lenzi zake zote huwa nzima, na fokasi zake tayari zimelinganishwa na kioo cha ukubwa ule.